Somo: Sketi ya kanga bila cherehani, wawili mkichangia doti moja

Kama unasoma na bumu (posho ya mkopo wa chuo) linaisha kabla ya mwezi, somo hili ni lako. Sketi hii nimeshaishona mara tano, zote kwa mkono nikiwa hosteli, na ya kwanza naivaa mpaka leo.

Nimechagua kanga badala ya kitenge kwa sababu kanga huja nusu ya kazi imekwisha. Kitenge unapimiwa kwa yadi, hakina pindo la kupamba chini, kwa hiyo mara nyingi sehemu ya chini utaipinda mwenyewe. Kanga ina pindo pande zote nne, na ule ukingo mrefu wa chini umefumwa hivyo kiwandani, hautoki nyuzi. Ukingo huo ndio utakuwa chini ya sketi yako. Umeshaokoa mita moja na nusu ya kushona kwa mkono.

Mahitaji

Kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili, na sketi moja inakula kipande kimoja. Tafuta mwenzako wa chumba mchangie. Kwa Dar, Mtaa wa Uhuru una maduka ya kanga yaliyopangana. Doti yetu ya mwisho tulinunua 12,000, kila mtu 6,000. Chagua ya pamba tupu, maana ya poliesta inateleza vidoleni na haishiki mkunjo wa pasi.

Mengine ni lastiki ya upana wa sentimita 2.5 (yadi moja), uzi unaofanana na rangi ya pindo, sindano, mkasi, futi ya fundi, kipande cha sabuni kikavu cha kuchorea, na pini ya nepi.

Hatua ya 1: Ifue kwanza

Kanga mpya ina dondo (wanga wa kukazia kitambaa). Iloweke peke yake kwenye maji ya baridi, umwage, uweke mengine, mpaka maji yatoke meupe. Nyekundu na nyeusi ndizo zinazochuja zaidi. Sketi yangu ya pili niliishona bila kufua. Nilipoifua baadaye ilipanda sentimita tatu, na nyekundu ikaingia kwenye shuka langu jeupe. Iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimeikalia siku mbili. Fua, anika, piga pasi, ndipo uendelee.

Hatua ya 2: Soma jina

Jina ni yale maneno yaliyo juu kidogo ya pindo la chini. Itandaze kanga maneno yasomeke. Hapo umeshajua chini ni wapi. Kanga huvaliwa jina likae nyuma, alisome anayekufuata, kwa hiyo mshono wetu utakaa mbele, pale mapindo mawili ya pembeni yanapokutana. Ule mstari wa mapindo yaliyobanana ukishuka katikati ya sketi unapendeza kuliko nakshi yoyote ambayo ungeilipia.

Na ujue unachokisema. Kuna majina ya dua na shukrani, na kuna mafumbo ya kumrushia jirani. Shangazi yako atalisoma kabla hajaitikia shikamoo.

Hatua ya 3: Pima, kisha uchane

Pima kiuno, na urefu kutoka kiunoni mpaka unapotaka sketi iishie. Ongeza sentimita 4 za mfereji wa lastiki. Mimi urefu wangu ni 88, nikiongeza 4 inakuwa 92. Pima hizo 92 kuanzia CHINI kwenda juu. Kanga yangu baada ya kufuliwa ilikuwa na kimo cha 108, kwa hiyo utepe wa 16 ulibaki juu, pamoja na pindo lake. Usiutupe.

Sasa usikate kwa mkasi mpaka mwisho, mkono utayumba. Weka alama ya sabuni, kata sentimita mbili tu pembeni, kisha shika pande mbili na uchane kwa mkupuo mmoja. Pamba hufuata uzi wake na kunyooka kama rula. Hata doti unaweza kuitenganisha namna hiyohiyo. Ukiogopa kuchana, vuta uzi mmoja polepole kwa ncha ya sindano mpaka utoke. Utaacha kijistari chembamba katika kitambaa, na mkasi ukifuate hicho.

Hatua ya 4: Mshono wa mbele

Hapa ndipo sketi ya nyumbani inapofanana na ya fundi au inapoumbuka. Zile pande fupi za kanga ni za kukatwa, zinatoka nyuzi, na hatuna ovaloki. Dawa yake ni kushona mara mbili.

Kunja kanga pande fupi zikutane, uso wenye rangi iliyokolea ukiwa NJE. Acha sentimita 20 za chini bila kushona. Huo ndio mpasuo, bila huo hutapanda daladala. Piga bandi (mshono wa muda wa kushikiza), kisha shona nusu sentimita kutoka ukingoni. Geuza uso uwe ndani, piga pasi, shona tena sentimita moja kutoka ukingoni. Nyuzi zote zimefungiwa katikati. Kwenye mpasuo, pinda kila upande mara mbili na ushone.

Tumia mshono wa kurudi: sindano inatoka mbele, inarudi nyuma hatua moja, inatoka mbele tena hatua mbili. Hatua ziwe ndogo kama punje ya mchele. Ule mshono wa kwenda mbele tu ni wa bandi. Ukiutumia hapa utaachia siku utakayoinama kufunga viatu.

Hatua ya 5: Lastiki

Kunja juu sentimita 1, kisha 3, piga pasi, shona kuzunguka, uache tundu la sentimita 4. Lastiki ni kiuno chako kutoa 5. Ipitishe kwa pini ya nepi, shona ncha zake zipandane sentimita 2, ziba tundu. Sambaza marinda kwa vidole, sawa kote.

Ule utepe uliobaki, sentimita 40 za mwisho zichane vipande vya upana wa 2, uvizungushe kwenye bangili ya plastiki ya zamani kwa gundi. Sehemu ndefu iliyobaki ni kilemba chako.

MASWALI YA WASOMAJI

Swali: Dada, hipsi zangu ni 118. Itanitosha?
Jibu: Itatosha, mpenzi. Kanga ya 150 ukitoa mishono inabaki kama 147. Marinda yatakuwa machache, na kwa umbo lako yatalala vizuri. Kabla ya kuziba tundu, vaa kwanza uone kama lastiki inavutika mpaka kupita hipsi. Ukizidi 130, ongeza kipande pembeni.

Swali: Inaonyesha mwanga?
Jibu: Ya rangi nyepesi, ndiyo. Vaa gagulo. Mimi huchagua yenye mji (sehemu ya katikati ya kanga) wa rangi nzito.

Swali: Nina cherehani ya jirani. Sindano ipi?
Jibu: Namba 11 au 14. Ya 16 ni ya jinzi, itaacha matundu.

Swali: Na sisi kaka zenu je?
Jibu: Chukua kipande cha pindo, ukishone mfukoni mwa shati jeupe la mtumba, na kingine ndani ya kola. Kifue kwanza, kaka yangu, shati ni jeupe.

Swali: Bibi yangu aliniachia kanga yake moja. Natamani sana kuivaa chuoni lakini roho inasita kuikata. Nifanyeje?
Jibu: Usiikate, mdogo wangu. Ule utepe wa juu usiuchane. Ukunje wote kwa ndani pamoja na zile sentimita 4 za mfereji, upige pasi, kisha shona mstari sentimita 3 kutoka juu. Hapo una mfereji, na kitambaa kilichozidi kitaning'inia ndani kama bitana, hakuna atakayekiona. Kwa kuwa ni ya zamani, huenda imelainika. Tumia sindano nyembamba na hatua ndogo zaidi. Mshono wa mbele piga mmoja tu, wa uzi wa rangi tofauti kwa ndani, ili uuone siku ya kuufumua. Siku ukitaka kujifunga kama alivyojifunga yeye, vuta uzi, toa lastiki, na kanga yake iko nzima.