Dawa ya kukamata RNA ya bakteria: anza hivi

Wengi hapa Chake Chake wakisikia dawa ya bakteria hudhani lazima igonge protini. Kumbe gentamaisini, hii hii ya sindano, hung'ang'ania RNA ya ribosomu, mtambo wa seli unaotengeneza protini. Leo tunaifuata RNA nyingine: raiboswichi ya FMN, kipande kinachotangulia jeni za kutengeneza vitamini B2. FMN, molekuli inayotengenezwa kutokana na vitamini hiyo, ikijaa, huingia humo na jeni hunyamaza. Dawa ikijifanya FMN, jeni hunyamaza vilevile, na bakteria hubaki bila vitamini. Binadamu hana swichi hiyo.

Hatua ya 1. Pakua muundo 3F2Q, raiboswichi hiyo ikiwa imeshika FMN, kutoka Protein Data Bank, hazina ya mtandaoni ya miundo ya molekuli. Faili dogo, bando la kawaida linatosha.

Hatua ya 2. Toa maji, kisha toa FMN uihifadhi kando. Magnesiamu iache! Programu nyingi huifuta kimyakimya, na fosfeti ya FMN inaitegemea kuishika RNA.

Hatua ya 3. Kwa rDock, programu ya kupachika molekuli ndani ya muundo, irudishe kwanza FMN yenyewe. Itizame kwa macho yako: pete zake bapa zilale kati ya A48 na A85 (herufi A za nafasi ya 48 na 85 kwenye RNA), kama chapati kati ya chapati, na ukingo wake ushikane na A99. Ikitua zaidi ya angstromu 2 (kipimo cha umbali wa kiatomi) kutoka mahali pake, rekebisha mipangilio kabla ya yote.

Hatua ya 4. Ingiza molekuli zako pamoja na ribosili, molekuli ya kuziba raiboswichi hii waliyoitangaza watafiti wa kampuni ya Merck mwaka 2015. Kwa sura haifanani na FMN, lakini hukaa shimo lile lile. Ilinganishe na 5C45, muundo wa raiboswichi ikiwa imeshika ribosili. Umeme wetu unaujua, kwa hiyo hifadhi matokeo kila kundi likimalizika.

Hatua ya 5. Alama nzuri ya kompyuta mimi siihesabu kuwa ushahidi. Nenda maabara na E. coli yenye utando uliodhoofishwa, maana ile ya kawaida huzuia au kutapika molekuli nyingi. Panga safu mbili za visima, dawa ile ile kwa vipimo vile vile. Safu moja ongeza riboflavini, yaani vitamini B2 yenyewe. Bakteria wakifa bila riboflavini na wakaota penye riboflavini, umeshika njia sahihi. Wakifa kote kote, molekuli yako inaua kwa njia nyingine, si kupitia swichi hii. Itupe, hata kama alama yake ilikuwa ya kwanza.

Hatua ya 6. Chukua bakteria waliosalimika na dawa bila riboflavini, usome DNA inayotangulia jeni ribB, mojawapo ya jeni za vitamini B2. Mabadiliko yakiwa ndani ya raiboswichi, sasa unaweza kumwita mkemia.