Somo: Kusikiliza santuri bila kufilisika, kwa tulio Mtwara na Lindi

Wakuu, korosho zikishalipwa naulizwa swali lilelile: "Nina hela kidogo, ninunue pleya gani ya santuri?" Kama hela ni kidogo, iende kwenye sindano kwanza, kisha kwenye usafi. Pleya na santuri zenyewe mtu mwenye subira huku kwetu anazipata kwa bei ya chini, na mara nyingine kwa asante tu.

Hatua ya 1: Anzia kwa wazee

Kabla ya kuagiza chochote Kariakoo, ulizia kwenye ukoo. Mikindani, Lindi mjini, Kilwa Kivinje: waliokuwa na kazi za mshahara miaka ya 1960 na 1970 ndio walionunua redio-gramu, lile kabati la mbao lenye redio na santuri humohumo. Leo limefunikwa kitambaa na juu yake kumewekwa televisheni. Toa shikamoo, kaa, mwache mzee asimulie dansi za ujana wake. Ukiingia na bei mdomoni ataamini kabati lina dhahabu ndani. Na usiende wakati minada ya korosho imechangamka, maana hakuna anayeuza kitu. Masika watu wanapokea simu.

Lakini lipa bei ya haki. Mji huu ni mdogo.

Hatua ya 2: Kagua pleya

Zungusha sahani, ile inayobeba santuri, kwa mkono: iende laini, isikwaruze wala kuyumba. Tazama nyuma ya mkono wa sindano. Kuna kipande kizito cha mviringo cha kusawazishia? Hiyo ni dalili nzuri. Vile vipleya vipya vya begi havina, na vingi hukandamiza santuri kwa gramu 5 au 6, wakati pleya ya kawaida inatumia gramu 1.5 hadi 2.5. Kwa santuri ya kuchezea sawa. Kwa santuri za babu, mimi sivitaki.

Soma kibandiko cha umeme. Pleya ya mtumba kutoka Japani inataka volti 100, kwa hiyo weka bei ya transfoma kwenye hesabu. Ya Marekani ina balaa la ziada: mota nyingi za zamani zinafuata umeme wa kwao wa mizunguko 60 kwa sekunde, sisi tuna 50. Hata ukiweka transfoma, sahani itazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita, na Mbaraka Mwinshehe, yule mwanamuziki wa dansi, ataimba kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Hatua ya 3: Sindano

Hapa usibane. Sindano iliyolika haikuharibii muziki wa leo tu, inachimba mfereji wa santuri, na uharibifu huo haurudi. Ya almasi hudumu takriban saa 500 hadi 1,000 za kupiga. Ukinunua pleya iliyotumika na muuzaji hajui sindano ina umri gani, ichukulie kuwa imekwisha. Andika namba iliyo kwenye kichwa chake, agiza ya aina hiyohiyo Dar, ije na basi.

Ikifika, weka kizuia-mtelezo (kile kinachozuia mkono kuvutwa kuelekea katikati ya santuri) kwenye sifuri, kisha zungusha kile kizito cha nyuma mpaka mkono uelee wenyewe, usiinuke wala kushuka. Shikilia kizito, geuza pete ya namba peke yake isome sifuri. Sasa zungusha vyote pamoja hadi gramu zilizoandikwa kwa sindano yako, na kizuia-mtelezo nacho kifike namba hiyohiyo. Huiamini pete? Sonara yeyote mwenye mizani ndogo ya dijitali atakusaidia, ingawa atakushangaa.

Hatua ya 4: Sauti

Umeme unaotoka kwenye sindano ya sumaku ni mdogo mno, milivolti chache. Tafuta amplifaya ya zamani yenye tundu lililoandikwa PHONO, au kikuza-sauti kidogo cha PHONO cha kuweka kati ya pleya na amplifaya. Ukisikia mvumo, funga ule waya mwembamba wa ethi, unaotoka kwenye pleya, kwenye amplifaya.

Hatua ya 5: Usafi

Joto na unyevu wa pwani hii vinaleta ukungu, na mchwa anapenda majalada. Simamisha santuri wima, mbali na ukuta wenye unyevu na dirisha la jua. Osha kwa maji yaliyosafishwa, yale ya kuongezea betri (hakikisha si asidi, chupa zinafanana), na tone moja la sabuni ya vyombo. Kitambaa cha kufutia miwani kifuate mifereji kwa mzunguko, lebo isilowe. Suuza, kausha kivulini.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Masasi:* Bibi ameniachia santuri nzito, moja ilianguka ikavunjika kama sahani ya udongo. Nazo nioshe hivyo?

Pole, kaka. Hizo ni za mizunguko 78 kwa dakika, aina aliyorekodi mwimbaji wa taarab Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928. Usiguse na spiriti, inayeyusha. Maji kidogo, kausha upesi. Zinataka sindano nene ya kwao. Redio-gramu nyingi zina kiswichi cha kugeuza sindano, upande wa 78 na upande wa LP, zile santuri za plastiki za baadaye.

*Mwanachama, Newala:* Nina spika ya bluetooth tu. Nimekwama?

Hapana. Kama ina tundu la AUX, pitisha kwenye kikuza-sauti, chomeka.

*Mwanachama, Lindi:* Santuri imepinda kwa joto la bati. Niipige pasi?

Dada, pasi hapana! Kama sindano inapanda na kushuka bila kuruka, ipige tu. Ikiruka, ilaze kati ya vioo viwili na uzito juu, wiki kadhaa, mahali pa baridi. Nyingine hazinyooki.

*Mwanachama, Kilwa Masoko:* Natafuta santuri ya bendi ya Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande. Kuna muuzaji kanitumia picha, nitume hela?

Bado, mjomba. Mwambie aiinamishe chini ya taa na apige picha pande zote mbili, lebo isomeke. Mikwaruzo mirefu inayokatiza mifereji ndiyo inayorusha sindano. Vumbi na alama za vidole vinaoshwa, ila vitumie kuomba upunguziwe bei.