Kabla hujaipandisha baiskeli Amani

Mtoto wa Tanga mjini hafundishwi baiskeli. Anaipanda miguu ikiwa bado haifiki kwenye pedeli, anazunguka nayo barabara za Ngamiani, na akikua anakwenda nayo sokoni, kazini, na Raskazone kuogelea. Ndiyo maana wengi wetu tukisikia habari ya kwenda kutalii kwa baiskeli Amani, huko Usambara Mashariki, tunaona ni jambo la kujaza upepo na kuondoka. Kule hakuna magari, tunaambiwa. Ni kweli kwamba ukishapita Sigi, penye lango la hifadhi, unaweza kukanyaga muda mrefu usisikie ila ndege na maji. Lakini mji wetu ni tambarare, na baiskeli zetu, pamoja na mazoea yetu, ni za tambarare. Kwa safari hii jiandae kwa mlima, na zaidi kwa kuteremka kuliko kupanda.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani iko wilaya ya Muheza. Ilitangazwa mwaka 1997 na ina ukubwa wa hekta 8,380 hivi. Lango liko Sigi, kama mita 450 juu ya usawa wa bahari. Amani yenyewe imepita mita 900, na kati ya hapo na hapo hakuna hata kilomita kumi. Wajerumani walikuwa na kituo cha utafiti wa mimea na kilimo kule juu tangu mwaka 1902, na kati ya 1904 na 1910 wakajenga reli nyembamba ya kusomba magogo kutoka Tengeni, huko huko Muheza. Reli hiyo iliishia Sigi. Jengo la stesheni bado limesimama pale langoni, na ukiinua macho kutazama njia inayobaki mbele yako utaelewa kwa nini gari moshi halikuendelea.

Sasa breki. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo nilipoumia.

Mara yangu ya kwanza nilipeleka baiskeli kwa fundi siku mbili kabla. Alikaza nati, akapaka cheni mafuta, akazungusha magurudumu akaniambia iko salama. Kupanda nilipanda, nusu nikikanyaga na nusu nikikokota. Kurudi, kona ya nne au ya tano kutoka juu, niliminya breki nikasikia raba zinagusa rimu lakini mwendo haupungui. Niliielekeza baiskeli kwenye nyasi za ukingoni, nikaanguka, nikachunika kiwiko na goti. Mzee mmoja aliyekuwa akipanda na kiroba cha iliki kichwani alisimama mpaka nilipoinuka. Nikamwamkia shikamoo. “Marahaba, mwanangu. Hapa wenzako huteremka chini wakaikokota,” akasema, akanionyesha kwa kidole kona mbili zinazofuata.

Breki ya raba inasimamisha gurudumu kwa kusugua rimu, na msuguano huzaa joto. Mjini unaminya sekunde mbili, tatu, joto linaondoka na upepo. Mlimani, ukiishikilia breki muda wote kwa woga, joto linarundikana bila nafasi ya kupoa. Raba inakuwa ngumu na kung’aa kama imepakwa varnishi, na haishiki tena. Rimu ikipata moto sana inaweza hata kulegeza kiraka cha tyubu, ukapata pancha katikati ya mteremko. Kwa hiyo badilisha raba zote nne kabla ya safari hata kama zinaonekana zina maisha. Kagua waya wa breki pale unapoingia kwenye mkono wa breki, maana nyuzi huanza kukatika hapo, moja moja, bila wewe kujua. Ukiona hata uzi mmoja umefumuka, weka waya mpya. Kama baiskeli yako ni ya breki za diski, fundi asiache tone la mafuta ya cheni likaigusa diski.

Baiskeli zetu za kawaida za gia moja na breki za vyuma, zile zinazobeba magunia ya mkaa, ni imara na nazipenda, lakini kwa mteremko wa Amani nazikataa. Labda mwenye nayo akubali kuikokota njia yote ya kushuka.

Jaribio langu ni hili. Funga kwenye keria mzigo ule ule utakaosafiri nao, kimbiza baiskeli mahali pasipo na watu, kisha minya breki zote mbili. Isiposimama upesi ikiwa na mzigo kwenye tambarare, haitasimama kabisa kule juu. Na ukiwa mlimani, minya kwa nguvu kabla ya kona, achia, minya tena. Kila baada ya kona kadhaa simama rimu zipoe. Muda huo haupotei. Kwenye miamba yenye unyevunyevu ya milima hii ndiko linakoota lile ua dogo la zambarau, Saintpaulia, ambalo sasa linafugwa kwenye vyungu madirishani duniani kote. Lilipewa jina la Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyepeleka mbegu zake kwao, na likaandikwa kitaalamu mwaka 1893. Litazame, liache mahali pake.

Kuhusu gia, fundi ajaribu gia nyepesi kuliko zote huku umekaa juu ya kiti na mzigo uko nyuma. Ikiruka meno mjini, itaruka mlimani.

Halafu mvua. Amani inapata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na haifuati sana kalenda ya pwani. Masika ya Machi hadi Mei usijaribu. Vuli, kuanzia Oktoba, ni bahati nasibu. Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba, na Januari na Februari, ila hata Julai unaweza kuamka ukakuta manyunyu na ukungu umefunika mashamba ya chai. Udongo wake ni mwekundu wa mfinyanzi. Ukilowa unateleza kama sabuni, na unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Mimi hufungua madigadi nikayaacha nyumbani, bora nichafuke mgongo. Tairi ziwe na meno mazima, na siku ya tope punguza upepo kidogo zipate kushika. Rimu iliyolowa nayo huchelewesha breki, kwa hiyo anza kuminya mapema zaidi.

Beba koti la mvua na sweta. Mtu wa Tanga hawezi kuamini sweta mpaka alale Amani mwezi wa saba. Chandarua pia, kama hujahakikisha mahali pa kulala pana chandarua.

Usidanganyike na neno “hakuna magari”. Kuna basi linalopanda na kushuka, kuna malori ya majani ya chai ya upande wa Kwamkoro, na kuna bodaboda, ambao ndio wa kuogopwa zaidi. Wengi wao huteremka wamezima injini kuokoa mafuta, kwa hiyo pikipiki inakutokea kwenye kona bila mlio wowote. Kaa kushoto kabisa, piga kengele kabla ya kila kona usiyoiona mwisho wake, na usivae spika za masikioni. Penye nyumba punguza mwendo na usalimie watu. Watoto hukimbilia barabarani wakiona baiskeli ngeni, na wewe ndiye uliyewakuta kwao.

Barabara kuu ya Tanga hadi Muheza ni habari nyingine kabisa. Mabasi na malori hayana subira na baiskeli, na sioni faida ya kujichosha na kujihatarisha kabla ya kufika kwenye safari yenyewe. Pakia baiskeli kwenye basi mpaka Muheza, geuza pedeli ndani zisikwaruze mizigo ya watu, na uisimamie mwenyewe inapofungwa. Muheza nunua machungwa, maji na karanga. Lita tatu za maji kwa mtu mmoja si nyingi.

Sigi utalipa kiingilio kwa Wakala wa Huduma za Misitu na kupewa risiti, itunze. Waambie wazi kwamba umekuja na baiskeli na uwaonyeshe njia unayotaka kupita. Vile vijia vya ndani ya msitu ni vya miguu, mizizi yake imetanda na udongo wake ni laini. Gurudumu likipita linachimba mfereji, mvua inayofuata inaupanua. Baiskeli ibaki barabarani, na kama unataka kuingia msituni chukua mwongozaji, uende naye kwa miguu.

Vifaa vya kubeba havizidi mfuko mmoja: tyubu mbili, viraka na solusheni, pampu, spana, kipande cha cheni, waya mmoja wa breki, raba mbili za akiba, bendeji. Juu hakuna duka la kukuuzia waya wa breki usiku.

Panga muda kwa kurudi nyuma kutoka jioni. Jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu, lakini chini ya miti mikubwa giza huanza kuingia saa kumi na moja. Mimi nisipokuwa nalala juu, saa nane mchana nageuza popote nilipo, hata kama Amani inaonekana pale mbele. Simu hazishiki kila mahali, kwa hiyo mtu mmoja nyumbani ajue njia yako na saa ya kumpigia, na ajue la kufanya usipopiga.

Na ukifika chini na tope mpaka masikioni, usiingize baiskeli mtoni Sigi kuiosha. Cheni yako ina mafuta, na mto huo ndio unaojaza bwawa la Mabayani linalotoa maji ya bomba Tanga mjini. Kwangua tope kwa kijiti, kaioshe nyumbani.