Mkitokea chuo kwenda kufundisha matarumbeta na violini shuleni: jinsi ya kuanza, uzoefu wa Mbeya

Vyuo vingi vya Marekani vina huu utaratibu, wanafunzi wa muziki wanatoka chuoni wanaenda kukaa na watoto wa miaka 11 mpaka 14 hivi, wale wa darasa la sita hadi la nane kwa hesabu ya kwao, wanawafundisha bendi na orkestra. Ila kule mtoto tayari ana kipindi cha bendi kwenye ratiba kama ilivyo hesabu, na mara nyingi chombo anarudi nacho nyumbani. Huku kwetu unakuta shule nzima ina ngoma mbili za mchakamchaka na filimbi ya mwalimu wa zamu basi. Kwahiyo ukiuchukua utaratibu wao ukaubandika Mbeya kama ulivyo utakwama wiki ya pili, nasema hivyo kwa sababu sisi tulikwama wiki ya pili.

Mimi tarumbeta nilianzia kanisani nikiwa darasa la tano, chuo nikaja kusomea ualimu wa hesabu, na chuo chetu hakina hata idara ya muziki. Tulikuwa tisa tu, wote wa matarumbeta ya kanisani isipokuwa dada wawili waliojifunza violini sehemu nyingine. Naanza na hili ili usije ukasema mpaka muwe na profesa wa muziki ndo muanze.

Anzeni na barua. Kama ni shule za serikali barua inaenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, ipitie kwa afisa elimu (msingi au sekondari, ni ofisi mbili tofauti, msichanganye), ikisharudi na muhuri ndo mnaenda kwa mwalimu mkuu. Najua kuna mtu atasema ana rafiki yake mwalimu pale atawaingiza, sawa, mtaingia siku ya kwanza na ya pili, siku akija mgeni kutoka halmashauri akakuta vijana wakubwa wasiojulikana wako darasani na watoto, mwalimu rafiki yako ndo anaandika maelezo. Barua iseme siku gani, saa ngapi, watoto wangapi, nani anabaki nao, na muombe mwalimu mmoja wa shule awepo muda wote. Fomu ya mzazi kusaini iwe ya Kiswahili na iwe fupi.

Kalenda nayo iangalieni vizuri. Sisi tunaanza mwezi wa pili. Mwezi wa tisa darasa la saba wana mtihani na wa kumi na moja ni form two, hapo hata ukija na piano ya dhahabu hakuna mwalimu atakayekuachia mtoto. Likizo ya mwezi wa sita inaonekana nzuri kwenye karatasi lakini huku kwetu ndo msimu wa kuvuna mahindi, nusu ya watoto wako shamba, na hao waliobaki wanatetemeka kwa baridi. Halafu mvua. Ukumbi wa bati mvua ya mwezi wa tatu ikishuka violini husikii kabisa, hata yako mwenyewe iliyo chini ya kidevu. Siku kama hiyo wekeni vyombo pembeni mpige makofi, mfundishe kuhesabu mapigo, mtoto anayejua kushika mdundo kwa makofi na miguu baadaye hakusumbui.

Watoto wa kuanza nao mtawapata wapi, waulizeni nani yuko kwaya. Nyanda za juu kusini huwezi kukosa. Wamoravian walifika Rungwe 1891, na kwa mila zao tangu Ulaya tromboni na tarumbeta ndo za kutangazia msiba na kupigia asubuhi ya Pasaka, Walutheri nao wana bendi zao, kwahiyo kuna mtoto wa Tukuyu hajawahi kugusa tarumbeta ila sauti zote nne za wimbo anazo kichwani kwa sababu babu yake anapiga besi kila Jumapili. Ila msichukue hao peke yao, maana mnaonekana mmeenda kufundisha watoto wa dhehebu fulani na hiyo ikishasemwa kijiweni haifutiki. Sisi tunachukua nusu wa kwaya na nusu wowote wanaotaka.

Kuna mzazi atauliza hii mambo ya wazungu inamsaidia nini mwanangu. Mimi huwa nawaambia habari ya mganda, ngoma ya kule ziwani Nyasa. Wazee waliona bendi za jeshi la mkoloni na gwaride lake, wakarudi kijijini wakatengeneza malipenga yao ya vibuyu, kwenye tundu wanabandika utando wa buibui ili sauti iwe na ule mkwaruzo, wakapanga mistari na vyeo na ngoma kubwa ikawa ngoma ya kwao mpaka leo. Mzee mmoja wa Kyela nilipomaliza kusema akaanza kunionesha hatua zake palepale, mkutano ukaishia hapo na fomu zote zikasainiwa.

Sasa kugawa vyombo, hapa ndo wengi wanaharibu. Watoto wote watataka tarumbeta kwa sababu inang'aa. Usimpe mtoto chombo kwa kumuuliza anataka nini tu, mpime. Kwa vya kupuliza anza bila chombo kabisa, wafundishe kutetemesha midomo. Nilihangaika sana kueleza hii mpaka siku nikawaambia toeni mlio wa lori linalopanda mlima Kitonga, gia ya kwanza, limebeba mbao. Darasa zima likawa Kitonga. Anayetoa mlio mzito bila kujikaza mpe baritoni au tromboni, anayetoa mwembamba kwa urahisi ni wa tarumbeta. Mashavu yasivimbe. Halafu mpe mauthipisi (kile kipande cha kuwekea mdomo) peke yake afanye vilevile, halafu ndo chombo kizima. Tromboni mwangalie na mkono, lile bomba la kuvuta na kusukuma lina nafasi saba na mtoto wa miaka 11 wengi ya saba hawafiki, sio kosa lake, mchagulie nyimbo zisizofika huko. Klarineti angalia kama vidole vinaziba matundu yote bila kuvuja.

Violini zina saizi, na hili watu hawajui, wanapokea msaada wa violini kubwa kumi wanafurahi kumbe watoto hawazifikii. Muwekee begani, anyooshe mkono wa kushoto, kile kichwa cha kujikunja kiishie kwenye kiganja na vidole viweze kukizunguka bila kujivuta. Kikivuka kiganja hiyo ni kubwa, ataumia bega na ataacha. Wengi wa miaka 11 au 12 wanakaa kwenye robo tatu, wadogo wadogo kwenye nusu.

Kusoma nota. Msianze na mistari mitano ubaoni tafadhali. Watoto wetu wana solfa, ile d r m f iliyosambazwa na Mwingereza John Curwen karne ya 19 na wamisionari wakaja nayo, kwaya zetu mpaka leo zinaisoma kama gazeti. Huo ni mtaji. Sisi wimbo wowote unaimbwa kwanza kwa solfa mpaka uingie, halafu wanaimba huku vidole vinabonyeza valvu bila kupuliza, halafu ndo wanapuliza. Mistari mitano inakuja mwezi wa pili wa programu, na hapo unawaambia tu hii doo unayoijua inakaa hapa.

Ila kuna mtego. Doo ya kwenye karatasi ya tarumbeta sio doo ya kwenye karatasi ya tromboni. Mtoto wa tarumbeta akisoma C (herufi hizi ni majina ya sauti) inayotoka ni B flati, ndivyo chombo kilivyotengenezwa. Mkitaka wote watoe B flati moja basi tarumbeta na klarineti wanasoma C, saksafoni alto anasoma G, honi ya F anasoma F, tromboni na violini wanasoma B flati yenyewe. Andika hiyo kwenye manila kubwa ubandike ukutani. Siku yetu ya kwanza ya kuunganisha tulisahau, tukagawa karatasi moja kwa kila mtu, tukahesabu moja mbili tatu... aisee. Mpishi wa shule alitoka jikoni na mwiko mkononi.

Na ukishajua hilo utaelewa kwa nini bendi na violini hawapatani mwanzoni. Wapulizaji wanapenda B flati na E flati, wenye nyuzi wanapenda D na A kwa sababu nyuzi zao zenyewe ni G D A E. Tuliwatenganisha miezi miwili ya kwanza vyumba viwili tofauti, kisha tukawakutanisha kwenye C kwa wimbo wa nota tano tu, doo mpaka soo. Tarumbeta wanasoma D hapo. Inatosha kabisa kwa watoto kusikia wanafanana sauti, na ile siku inapotokea mara ya kwanza wenyewe wanageukiana.

Baridi sasa. Mtu wa Dar hawezi kuelewa hii. Asubuhi ya mwezi wa sita au wa saba Mbeya, au mbaya zaidi Njombe na Makete, chombo cha shaba kimelala stoo, ukikipuliza kinatoka chini. Kwa kila nyuzi 10 za joto zinazopungua sauti inashuka karibu theluthi ya nusu toni, hiyo sikio la kwaya linaisikia vizuri sana. Nyuzi za chuma za violini zenyewe zinapanda baridi ikizidi, kwahiyo hawa wanashuka wale wanapanda, na wewe katikati unalaumu watoto. Msitune, yaani msilinganishe sauti za vyombo, mara tu mkifika. Wapulize dakika kumi kwanza wapashe vyombo moto kwa pumzi, violini zikae ndani ya chumba bila kuwekwa dirishani juani, halafu ndo utoe A ya 440, ile sauti ya kutunia, kwenye simu. Kiangazi kile kikavu vigingi vya violini, vile vya kukazia nyuzi, vinateleza vinakataa kushika, toa kigingi, paka chaki ya ubaoni kidogo pale kinapoingia, rudisha huku unasukuma kwa ndani. Upinde ukimaliza legeza nywele zake kila mara, mtoto akiulaza umekazwa unapinda.

Kukaa. Hili ndo ningekuambia kama ungeniuliza jambo moja tu. Usisimame mbele ukafundisha. Kaa nao. Kiti cha mtoto, kiti cha mwanachuo, kiti cha mtoto, wote wanatazama stendi moja na wote wanapiga, wewe mkubwa unapiga ile ile sauti ya mtoto na sio ya kujionesha. Mtoto anajifunza pumzi kwa kusikia pumzi yako, anaona unavyokaa, anaona na wewe unakosea unaendelea. Kuna binti wa darasa la sita nilikaa naye wiki tatu nikimueleza asikate sauti katikati ya mstari, hakuna kitu. Wiki ya nne koo lilikuwa linaniuma sikuongea, nikapiga tu pembeni yake, akaanza kuvuta pumzi pale ninapovuta mimi, mstari ukatoka mzima. Mwanachuo mmoja watoto wawili, wakizidi watatu inakuwa mkutano.

Utunzaji fundisheni siku ya kwanza maana vikiharibika huku fundi ni wa kutafuta kwa tochi. Matone mawili matatu ya oili ya valvu, mafuta ya kupikia hapana, yanaganda na kunata. Mauthipisi zioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kabla hajapokea mwingine, na kama bajeti ipo kila mtoto awe na yake, ndo kitu cha kwanza cha kununua kabla hata ya stendi. Mauthipisi ikinasa USITUMIE PLAIZI. Kuna mwenzetu aliminya na kuzungusha kwa nguvu, mauthipisi haikutoka, kilichotoka ni bomba lenyewe kwenye kiungio. Mwagia maji ya moto kwa nje pale kwenye kiungo ipanuke, shika kwa kitambaa, zungusha taratibu, ikikataa iache ilivyo mpaka apatikane mtu mwenye kifaa chake.

Hela nyingi zinaenda kwenye nauli na chai. Msipeleke soda, pelekeni viazi na chai ya maziwa, mtoto aliyetembea kutoka Itende hawezi kupuliza tromboni na njaa. Violini hilo anaweza, ila atakuwa anaangalia mlango.

Na vyombo vibaki shuleni. Kama mnakuja navyo Jumamosi na kuondoka navyo Jumamosi watoto wanapiga mara moja kwa wiki, hapo hakuna kinachoingia. Mnahitaji kabati lenye kufuli, daftari la kusaini anayechukua na anayerudisha, na mwalimu mmoja mwenye ufunguo anayependa mambo haya, hata kama ni wa Sayansi. Huyo mfundisheni na yeye, apige kabisa, akae kwenye kiti kama watoto. Semista ikifungwa nyie mnaenda makwenu, yeye yupo.

Onesho lenu liwe palepale shuleni siku ya wazazi, nyimbo tatu zinatosha, moja iwe ambayo wazazi wataimba pamoja. Mkienda kwa kosta msikubali konda aweke tromboni juu ya keria na magunia, atawaambia begi hilo linachukua siti ya mtu, mlipieni siti.