Kesi ya kupigwa Zanzibar: jinsi ya kuripoti ili isife njiani

Kesi ya kupigwa huanza kuharibika siku ya kwanza: PF3 (fomu ya polisi ambayo daktari huandika majeraha yako) imejazwa nusu, nguo zimefuliwa, maelezo yamesainiwa bila kusomwa, au wazee wameshakaa kikao na kuamua yaishe. Maelekezo haya ni ya mtu aliyepigwa Unguja au Pemba, na ya ndugu anayemshika mkono.

Kwanza ijue sheria yako. Zanzibar ina Sheria yake ya Adhabu, Namba 6 ya 2018, na utaratibu wa kesi umo kwenye Sheria ya Mwenendo wa Jinai, Namba 7 ya 2018. Vifungu vinavyosambazwa mitandaoni, kama 225 na 241, ni vya Kanuni ya Adhabu ya Bara, Sura ya 16. Kituoni usiende na namba. Nenda na kilichotokea. Kifungu atakiweka mwendesha mashtaka.

Uzito wa kosa hupimwa kwa dhara. Kofi au msukumo usioacha jeraha ni shambulio la kawaida. Mtu akiinua panga na kukujia ukaamini anakukata sasa hivi, hilo nalo ni shambulio hata kama hakukugusa. Likibaki jeraha, uvimbe au maumivu yanayothibitika, kosa linapanda na kuwa shambulio la kudhuru mwili. Juu yake kuna dhara kubwa: linalohatarisha maisha, linaloharibu afya kwa kudumu, linaloacha kovu la kudumu la kuumbua, au linaloharibu vibaya kiungo cha nje au cha ndani, macho na masikio yakiwemo.

Hapa ndipo watu wanapojipunja. Kofi la sikio linaweza kupasua ngoma ya sikio, na nje pasionekane kitu. Ukisikia mvumo, maumivu, au sikio limeziba, mwambie daktari alitazame ndani. Na kukabwa koo ndiyo hatari inayodharauliwa kuliko zote: shingo inaweza kuwa safi kabisa, kumbe ndani kumevimba. Sauti ikikwaruza, kumeza kukiwa kwa shida, macho yakiwa na vidoa vyekundu, au ukipoteza fahamu hata kwa muda mfupi, nenda hospitali saa hiyo hiyo na utamke wazi: nilikabwa.

Sasa mwendo wenyewe. Kama damu inatoka au mfupa umevunjika, hospitali kwanza, na ndugu mmoja aende polisi kuchukua PF3. Kama unaweza kutembea, anzia kituo cha polisi kilicho karibu, toa taarifa, chukua namba ya RB (namba ya kumbukumbu ya taarifa yako) uihifadhi, upewe PF3 ndipo uende hospitali. Fomu hiyo haiuzwi. Kwa sheha, kiongozi wa serikali mtaani kwako, unaweza kupita, na mara nyingi ni msaada, lakini kikao cha sheha hakichukui nafasi ya taarifa ya polisi.

Mbele ya daktari usiseme tu "nimepigwa". Onyesha kila mahali, kuanzia kichwani hadi miguuni, hata panapouma bila alama. Fomu nzuri inataja jeraha liko wapi, ni la aina gani, urefu na upana wake kwa sentimita, lina umri gani kwa kukadiria, na huenda limesababishwa na kitu gani. "Amejeruhiwa mkononi" haitoshi. Kinachotakiwa ni kama hivi: mchaniko wa sentimita 4 nyuma ya mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Maneno hayo yana kazi, kwa sababu jeraha la mahali hapo linaendana na mtu aliyeinua mkono kujikinga, na mshtakiwa akidai wewe ndiye uliyeanza, hakimu atakuwa na cha kupimia. Kabla ya kuondoka, hakikisha kuna jina la daktari, saini, tarehe na muhuri.

Michubuko mingine hujitokeza baada ya siku moja au mbili. Piga picha siku ya tukio, kisha siku ya pili na ya tatu. Kila jeraha picha mbili: moja ya mbali inayoonyesha sura yako pamoja na jeraha, nyingine ya karibu ikiwa na rula pembeni. Kwenye ngozi nyeusi, mwanga wa ubavuni, kama wa dirishani, huonyesha uvimbe vizuri kuliko taa ya simu iliyoelekezwa mbele. Usitie urembo wowote kwenye picha, na picha za asili zibaki ndani ya simu. Alama mpya zikitokea, rudi kwa daktari ziandikwe.

Nguo zenye damu zisifuliwe. Zianike kivulini zikauke, kisha zitie kwenye bahasha ya kaki au mfuko wa karatasi. Ndani ya plastiki unyevu huzioza. Andika tarehe, mkabidhi mpelelezi, na akuandikie kwamba amezipokea. Panga au gongo liache lilipo, umwonyeshe askari.

Maelezo ya polisi yanahitaji utulivu. Taja saa, mahali, mwanga ulitoka wapi, ulimjuaje aliyekupiga, alitumia mkono upi, na nani aliona. Kama na wewe ulimrudishia, sema. Kujilinda kwa nguvu inayolingana na hatari kunaruhusiwa kisheria, bali kulificha jambo hilo ndiko kutakakokuangusha siku utakapohojiwa na wakili wa upande wa pili. Usiongeze pigo hata moja. Omba usomewe yote, sahihisha, weka saini kwenye kila sahihisho, ndipo utie saini ya mwisho.

Kisha muhali, ile haya ya kumkatalia ndugu au jirani, utabisha hodi. "Mwanangu, huyu ni damu yako, tulimalize humu humu." Kwa shambulio dogo mahakama inaweza kupokea suluhu, na suluhu ya haki ina heshima yake. Lakini ukishatoa taarifa, kesi inaendeshwa na Mkurugenzi wa Mashtaka kwa niaba ya serikali, nawe ni shahidi. Huwezi kuifuta kwa kukubaliana barazani. Dhara kubwa na udhalilishaji wa kijinsia si mambo ya kumalizwa kwa kikao cha ukoo. Kwa udhalilishaji wa kingono, kama kubakwa, usioge, na ufike hospitali ndani ya saa 72 ili dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zifanye kazi. Hospitali ya Mnazi Mmoja ina kituo cha Mkono kwa Mkono kwa ajili hiyo.

Risiti za dawa, nauli za hospitali na siku ulizokosa kazi ziweke pamoja. Mshtakiwa akitiwa hatiani, mwombe mwendesha mashtaka aziwasilishe kabla ya adhabu kutolewa, maana mahakama inaweza kuamuru ulipwe fidia.