Jinsi ya kung'arisha matairi yabaki meusi na kumetameta bila kugeuka kahawia

Dereva mmoja wa teksi hapa Kondele, Kisumu, alikuwa akipaka polishi matairi ya Probox yake kila asubuhi kabla ya kwenda kusubiri abiria. Asubuhi meusi tii, yanameta. Kufika jioni yamefifia na kuwa kahawia. Amebadilisha chupa weee, mwisho akaja kwangu na malalamiko: "Omera, polishi za siku hizi zote ni feki."

Polishi yake haikuwa na neno. Shida ilikuwa chini ya polishi. Tulishika brashi tukaosha pamoja, na kwa kuwa swali lake naulizwa karibu kila wiki, nimeona niandike tulivyofanya.

Hatua ya 1: Vifaa

Brashi ngumu ya plastiki yenye mpini, ile ya kusugulia sakafu. Sokoni Kibuye zimejaa. Usinunue ya waya, itakwaruza mpira na mikwaruzo haiondoki. Ongeza mswaki wa zamani, ndoo mbili, sabuni ya unga au sabuni ya kuondoa grisi, vitambaa viwili vyeupe (rangi ni muhimu, utaona mbele), na kipande cha sponji ya godoro kinachoenea kiganjani. Vile visponji vya kupakia vinavyouzwa ghali ni mapambo tu.

Polishi ziko za aina mbili. Kuna ya maji, nyeupe na nyepesi, na kuna ya mafuta, nzito na angavu. Nyingi katika zote mbili zina silikoni, nayo ndiyo inayoleta mng'ao. Ya mafuta inang'aa zaidi na inavumilia mvua, lakini inanata na kushika vumbi. Ya maji inang'aa kwa kiasi, ila ukipaka mara mbili inapendeza, na haiusumbui mpira. Mimi ni mtu wa polishi ya maji. Anayetaka tairi lionekane limelowa kabisa, na gari lake linatembea kwenye lami tu, achukue ya mafuta kwa amani. Ukiwa mtu wa barabara za vumbi, mng'ao wa kulowa hautakusaidia. Kabla hujatoka Mamboleo matairi yatakuwa yamevaa vumbi lote la njiani.

Sasa haya ya mitaani. Dizeli na oili chafu: sitaki kuviona karibu na gari. Kweli vinang'arisha, lakini mafuta hayo huufanya mpira uvimbe na kulainika, na mwishowe ubavu wa tairi unaharibika. Isitoshe, maji ya kuoshea magari Kisumu hii yote yanateremkia ziwani. Soda na sukari: utakusanya nzi na vumbi. Rangi ya viatu: inabanduka vipande vipande. Glisirini iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu haina madhara na inametameta vizuri, ila mvua ya kwanza inaondoka nayo. Kwa gari la kupiga picha, glisirini inatosha.

Hatua ya 2: Kusugua (hapa ndipo kazi ilipo)

Watu wengi humwagia tairi maji, wakapitisha brashi mara mbili, wakapaka. Hapo ndipo kahawia inapoanzia.

Tairi linapotengenezwa, kiwandani huchanganya kwenye mpira dawa ya kuukinga na ozoni, gesi ya hewani inayopasua mpira. Inayotumika sana inaitwa 6PPD. Imewekwa humo makusudi ili isafiri polepole kutoka ndani hadi juu, na kadiri tairi linavyozunguka na kujikunja barabarani ndivyo inavyozidi kujitokeza. Ikifika juu na kukutana na hewa, inageuka kahawia. Kwa hiyo rangi ile si udongo mwekundu wa Maseno peke yake, ingawa nao umo. Ukipaka polishi juu yake, polishi inachanganyika na kahawia ile na kuipandisha juu. Unakuwa umepaka uchafu ukang'aa kwa siku moja.

Fanya tairi moja moja, tena kivulini. Jua la saa sita hapa kwetu hulifanya tairi lisishikike, sabuni inakauka kabla hujaisugua na kuacha michirizi. Anza asubuhi, au ngoja jua lipungue.

Mwagia maji kwanza udongo mkubwa uondoke. Kama una mashine ya presha, usisogeze mdomo wake karibu na ubavu wa tairi. Maji yale yana nguvu ya kuudhuru mpira na jeraha lenyewe usilione. Weka sabuni, ngoja dakika moja hivi, kisha sugua kwa kuzunguka na kwa kukatiza. Povu litatoka la kahawia. Suuza, weka sabuni tena, sugua tena. Litatoka kahawia tena, na hapo ndipo wengi wanakata tamaa wakidhani mpira wenyewe unachuja rangi. Endelea. Tairi ambalo limepakwa juu ya uchafu kwa miezi linaweza kudai raundi nne au tano. Unaacha povu likibaki jeupe, si kabla.

Kwenye maandishi na mikunjo tumia mswaki. Udongo mwekundu hujificha kwenye kingo za herufi, na ukishapaka polishi kila herufi inaonekana imezungushiwa wino wa kahawia.

Ukidhani umemaliza, jaribu mara mbili. Kwanza, kitambaa cheupe chenye unyevu: kipitishe kwa nguvu ubavuni. Kikitoka na kahawia, rudi kwenye brashi. Kikitoka na weusi kidogo tu, uko sawa. Pili, mwagia maji uangalie. Yakisambaa na kulowesha mpira wote, tairi ni safi. Yakijikusanya matone matone na kuteleza, bado kuna polishi ya zamani, na polishi mpya haitashika juu yake.

Matairi mapya yana hila yake. Yanatoka kiwandani na mabaki ya mafuta ya kuyanasua kwenye kalibu, na mabaki hayo hukataa polishi. Usimlaumu aliyekuuzia chupa. Yasugue kila unapoosha gari, yatakubali baada ya muda.

Matairi yenye nyufa ndogo ubavuni usiyasugue kwa sabuni kali, tena ukishayaona hayo acha mambo ya kung'arisha kwanza. Kujua umri wa tairi, tafuta ubavuni tarakimu nne zinazomalizia maandishi yanayoanza na DOT: 3219 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2019. Polishi ikifunika nyufa utasahau kuwa zipo, na barabara ya Busia haisahau.

Sabuni ya kuondoa grisi izimue kama chupa inavyoelekeza, na isuuze upesi kwenye rimu za alumini maana zile kali huacha madoa. Uoshaji huu mzito si wa kila wiki. Ukishaufanya vizuri mara moja, baadaye sabuni ya kawaida inatosha.

Petroli na mafuta ya taa ili kuokoa muda? Hapana.

Hatua ya 3: Kausha

Maji yakibaki kwenye herufi yataizimua polishi, nawe utapata madoa. Fundi pancha wa jirani akikupulizia upepo wa kompresa, mshukuru. Kama hayupo, futa kwa kitambaa na uache hewa imalizie.

Hatua ya 4: Paka

Gari lote liwe limeshaoshwa. Matairi hupakwa mwisho. Weka polishi kwenye sponji, usiipulizie moja kwa moja kwenye tairi. Matone yakiruka hadi kwenye diski ya breki, umejitafutia balaa. Paka kidogo, ukiiingiza kwenye herufi. Ngoja dakika kumi, kisha paka mkono wa pili, mwembamba. Ule mng'ao wa kulowa unatoka kwenye mikono miwili myembamba, hautoki kwenye mkono mmoja mzito. Sogeza gari nusu mzunguko umalizie sehemu iliyokuwa imebinywa chini.

Sehemu inayokanyaga barabara haipakwi hata tone. Na vijana wa boda, najua mnapenda: tairi la pikipiki haliguswi na polishi popote. Pikipiki hulala kwenye kona, na ukingo uliopakwa ndio unaokanyaga lami. Tuktuk hailali hivyo, lakini hata huko, ubavuni tu.

Hatua ya 5: Futa na usubiri

Baada ya dakika ishirini au thelathini, pitisha kitambaa kikavu uondoe iliyobaki juu. Ukiruka hatua hii, gurudumu likizunguka litairusha polishi kwenye milango, na kwenye gari jeupe utahesabu madoa meusi hadi nyuma. Yakitokea, yafute mapema kwa maji ya sabuni. Yakikaukia juani yanakuwa kazi nyingine.

Kama gari ni la harusi, paka jioni ya kuamkia siku yenyewe, na asubuhi futa tena kwa kitambaa cheupe mpaka kisitoke na kitu. Bi harusi anaposhuka mlango wa nyuma, gauni hupita palepale kwenye tairi, na mashangazi hawatakubali kuwa ni vumbi.