Ukipewa kuchora dai ya washa

Dai yangu ya kwanza, yaani kifaa cha presi cha kukatia shiti, ilikuwa ya washa za boliti ya M10 (kipenyo cha milimita 10), shiti ya chuma laini ya milimita 2. Nikachora panchi, nguzo inayoshuka kukata, ya milimita 20 kamili, nikaongeza tundu la dai, bamba la chini, ili panchi ipite. Mzee wa presi akaja na washa kiganjani: "Injinia, hizi zako zimenenepa." Venia, kipimio cha mkono, ikasoma 20.24, na washa hiyo haitakiwi kuvuka 20. Tundu la dai likishazidi halirudi. Tulitengeneza nyingine, mimi nikiwa kimya wiki nzima.

Kwa hiyo kabla hujawasha kompyuta, jiulize unachokitaka ni tundu au ni kipande kinachodondoka. Tundu hufuata kipimo cha panchi. Kipande hufuata dai. Washa ina vyote viwili.

Kisha fikiria kuchakaa: dai hutanuka, panchi hukonda. Washa hii inaruhusiwa 19.48 hadi 20 kwa nje, na 10.5 hadi 10.77 kwa tundu. Siku hizi naanza na dai ya 19.6 na panchi ya tundu ya 10.7, zipate pa kuchakalia. Upenyo, nafasi kati ya panchi na dai, naweka asilimia 6 ya unene kila upande, yaani 0.12. Hivyo panchi ya nje ni 19.36, na dai ya tundu 10.94.

Presi gani? Jumlisha mizingo miwili, wa nje na wa tundu, kama milimita 95, zidisha kwa unene 2, kisha kwa uwezo wa chuma hiki kuhimili kukatwa, nyutoni 350 kwa kila milimita ya mraba. Ni karibu tani 7. Ongeza theluthi, maana panchi butu hudai zaidi.

Mkanda wa upana wa 25 na hatua ya 22, umbali mkanda unaosogea kila pigo, vinatosha. Tundu litangulie, piloti, pini ya kuongoza, ilishike, ndipo ukate nje. Panchi ya tundu ndiyo nyembamba, kwa hiyo ifupishe kwa unene wa shiti. Zikigonga pamoja, hiyo ndiyo hukatika. Chuma cha panchi na dai natumia D2, aina ya chuma cha zana, ugumu 58 hadi 60 kwa kipimo cha Rockwell C, na lazima uache ziada kidogo ya kusaga baada ya tanuri, kwa sababu moto hubadili vipimo.

Siku ya majaribio usikimbilie kupima. Shika washa, itazame ubavuni kwenye mwanga. Theluthi moja hivi ing'ae, iliyobaki iwe na mkwaruzo wa kuvunjika. Ukiona mistari miwili inayong'aa, upenyo umebana. Watakwambia uongeze mafuta. Yatakupa siku mbili tu. Fungua dai: kama ni ubavu wa nje, saga panchi ipungue, kama ni wa tundu, panua dai.